Siku Mashine ya Juisi Iliponyamaza

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, maana nikitanguliza habari nyingine nitaogopa na kuliacha. Huku nyumbani wanasema nimekuwa jasiri. Baba anasema hivyo, majirani wanasema hivyo, na najua wewe pia umeshasimuliwa. Si kweli. Umeme ulikatika.

Nakuandikia kwa sababu ukipiga simu Baba huweka spika ili wote tukusalimu, na jambo hili halisemeki kwenye spika.

Wewe unanijua. Nimemaliza kidato cha nne bila kunyoosha mkono darasani, hata siku nilizokuwa na jibu. Wageni wakija nilikuwa naamkia huku nikiangalia chini, halafu nakimbilia jikoni. Mama alizoea kusema kwamba sauti yangu ni ya kuazima, naogopa kuitumia isije ikaisha. Wewe hukuwahi kunisema. Ulipofungua kibanda chako cha juisi pale mbele ya nyumba yetu, Buhongwa, ulinipa kazi ya majani, kwa sababu majani hayaulizi mtu swali.

Nakumbuka asubuhi tulipokuwa tunakwenda Luchelele kununua spinachi na matango kwa akina mama wenye bustani kando ya ziwa. Wenzako walinunua fungu na kuondoka. Wewe ulichuchumaa ukachambua jani moja moja kama mtu anayechagua mchele. "Jani lililochumwa jana linajulikana," uliniambia. "Ukilishika kwenye kikonyo, linainamisha kichwa." Tangu hapo siwezi kupita sokoni bila kushika vikonyo vya mboga za watu. Mnanaa hukuununua kabisa. Uliupanda nyuma ya bafu kwenye mabeseni yaliyotoboka, ukaumwagilia maji uliyooshea mchele, nao ukaota mpaka ukawa unakuvizia mguuni ukienda kuoga.

Watu wengi wanadhani juisi ya kijani ni kutupa majani kwenye blenda na kubonyeza. Mimi nilikutazama, Shangazi. Majani uliyaloweka kwenye maji ya chumvi, ukayasuuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Spinachi na tango vilitangulia, na maji kidogo, mpaka mashine ibadilishe mlio, kwanza ukali, halafu ulaini. Hapo ndipo ulipoweka nanasi la Sengerema, kipande cha tangawizi na ndimu. Mnanaa na giligilani vilikuja mwisho kabisa. Ulibonyeza mara moja, ukaachia. "Mnanaa hausagwi," ulisema, "unashtuliwa tu. Ukiusaga sana unakasirika, unakuwa mchungu." Sukari hukutia. Anayetaka sukari ulimwonyesha duka la soda ng'ambo ya barabara, na ulimwonyesha kwa heshima. Ukimimina kwenye glasi, rangi yake ilikuwa kama ya mpunga mchanga baada ya mvua, na siku zile wadudu wa ziwani wanapokuja kama moshi ulifunika jagi kwa kitambaa cheupe ulichokifua mwenyewe kila jioni, hukumwachia mtu.

Mwanzoni walitucheka. Unamkumbuka yule mzee aliyetoka mnadani, fimbo begani, akasimama akatazama jagi?

"Binti," alikuuliza, "haya si ndiyo wanayokula ng'ombe wangu?"

"Ndiyo haya, baba," ulimjibu. "Ndiyo maana wana ngozi nzuri kukushinda."

Mimi nilitaka kuingia chini ya meza. Yeye alicheka mpaka akatafuta benchi, akanywa glasi moja, akaomba nyingine, na akiondoka akakuamkia kwa utani, "Shikamoo, mama wa majani." Nilikutazama nikajiuliza mtu anazaliwaje na ulimi mwepesi namna hiyo. Nilidhani ni kipaji, kama urefu.

Halafu ukagundua kwamba wateja wakinisemesha nageukia sinki. Hukunisukuma mbele yao. Ulisubiri wakaondoka, ukawasha mashine ikiwa na maji matupu, ukaniinamia sikioni. "Ongea nayo kwanza. Ikilia hivi hata mimi sikusikii. Sema unachotaka." Mashine yako ilipiga kelele kama ya kusaga mahindi. Nikasema "Karibuni," nikaona aibu. Kesho yake nikasema "Karibuni, leo tuna nanasi." Wiki zilivyokwenda nikawa naiambia mashine mambo mengine: majibu ya baiolojia ambayo sikuyatoa, majina ya wasichana walionicheka, nyimbo za kwaya ambazo kanisani nazichezeshea midomo tu. Wewe ulikuwa unakata matango, umenipa mgongo. Mpaka leo sijui kama kweli hukusikia.

Kuna siku nilitoka nyuma na mnanaa mkononi nikakuta mashine inaunguruma, na wewe umeiinamia, midomo yako inacheza. Hukuniona. Nilisimama pale mlangoni. Ulikuwa unasema jambo, unatikisa kichwa, unalirudia upya. Jioni hiyo, tukiwa tunakula, ulimwambia Baba, "Kaka, kuna mtu Bukoba anataka kunioa, na mimi nimekubali." Ulisema kwa utulivu kama unaomba chumvi. Baba alitafuna ugali wake muda mrefu, halafu akauliza, "Na hayo majani yako anakunywa?" Ukajibu, "Atajifunza." Wote walicheka na mambo yakaisha. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona jinsi maneno yale yalivyopikwa, na tangu siku ile nakuheshimu zaidi ya nilipodhani ni kipaji.

Ulipoondoka uliniachia mashine na mabeseni. Nikaendelea na kibanda, taratibu. Mtihani ulipoisha, Baba akaniita akasema matokeo yakisubiriwa nisikae bure, niende Magu kwa Baba Mkubwa nikamsaidie duka la mchele. Alisema kwa wema, na nauli alikuwa ameshaiweka pembeni. Nikaitikia, "Sawa, Baba," kama ninavyoitikia kila kitu. Halafu nikaenda nyuma ya bafu nikakaa karibu na mnanaa.

Sikuwa na ubaya na Magu. Ila hapa kuna benchi ambapo watu huniambia "mambo" nami najibu, na jambo hilo limenichukua muda mrefu kulijenga. Kule ningeanza tena kuwa yule anayekimbilia jikoni. Na nina wazo langu, Shangazi. Nataka kusomea usindikaji wa vyakula chuoni. Nataka kujua kwa nini juisi yetu inageuka rangi ikikaa, na ifanywe nini isigeuke. Wazo hilo lilikuwa linajulikana na mashine peke yake.

Jumamosi moja Baba alikwenda Usagara, tukajua atarudi jioni. Kwenye benchi alikuwapo dada wa saluni ya jirani, anasubiri glasi yake. Nikaweka spinachi, tango na maji, nikawasha, na kama kawaida yangu nikaanza. Nilikuwa nimefikia mahali pa kupaza sauti ili niishinde mashine. "Baba," nilisema, "mimi sitaki—"

Umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, mimi sikuwahi kujizuia. "—kwenda Magu!" ikasikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Nikageuka. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na mfuko wa viazi, amerudi mapema.

"Hata mzigo sijautua," alisema.

Dada wa saluni akafunika mdomo kwa kanga. Baba akaweka mfuko chini, akaketi kwenye benchi, akapangusa miguu vumbi, akanitazama. "Haya. Endelea."

Nilitazama swichi kana kwamba ingenisaidia. Majani yalikuwa yanaelea kwenye jagi, nusu yamesagika, nusu mazima. Nilisema kitu ambacho hata mimi sikukisikia.

"Sikupati," Baba alisema. "Tumia ile sauti ya kwanza."

Nikafumba macho, nikakuona umeinamia mashine unatikisa kichwa na kurudia upya. Nikasema, "Baba, naomba nibaki. Nataka kuendesha kibanda hiki mpaka matokeo yatoke, na yakitoka nataka nikasomee usindikaji wa vyakula. Nikienda Magu nitakaa kimya tena." Safari hii sauti ilitoka yote.

"Na majani haya ananunua nani?" Baba aliuliza.

"Mzee, mimi hapa," alidakia dada wa saluni. "Na wateja wangu. Ukimpeleka Magu tutamfuata."

Baba akanyoosha mkono, akamimina ile juisi isiyokwisha, akanywa. Akawa anatafuna. "Hii bado ni mboga," alisema. Halafu akatoa simu, akampigia Baba Mkubwa, na kwa mazoea yake akaweka spika.

"Yule mtoto haji."

"Kwa nini, anaumwa?"

"Haumwi. Amenikatalia mwenyewe, usoni, mbele ya watu."

"Yule? Yule wa kimya?"

"Huyo huyo," Baba alisema. Shangazi, sijawahi kumsikia akitaja habari yangu kwa sauti ile. Alikuwa kama mtu anayetangaza ng'ombe wake amezaa mapacha.

Tangu hapo anaisimulia kila mahali. Kila akiisimulia mimi narefuka. Sasa hivi inasemekana nilimsubiri getini nikiwa nimeshika kiuno. Mama anatabasamu tu. Na mimi kila nikitaka kumwambia, "Baba, sikukuona, nilikuwa naongea na blenda," namtazama anavyochangamka, nashindwa.

Matokeo bado. Kibanda kinaendelea. Baadhi ya siku bado nageukia sinki mtu akinisemesha ghafla, halafu nageuka tena. Mashine naitumia kusagia juisi na bado naiambia mawili matatu, ila sasa nachungulia getini kwanza.

Nikitazama nyuma naona maneno ya kwanza yalitolewa na umeme, lakini ya pili niliyatoa mimi, na hayo nilijifunza kwako. Asante kwa kuniachia kelele ya kujifichia mpaka nilipokuwa tayari.

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi, hili libaki huko Bukoba. Ukipiga simu na Baba akaanza kukusimulia upya, shangaa tu kama hujawahi kusikia. Mwache aendelee kujivunia yule binti wa getini. Mimi kila asubuhi nikifungua kibanda najaribu kumfikia.

Anayekukumbuka kila nikichuma mnanaa,

Mtoto wa kaka yako