Vifungo Vitano Havikutosha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kwa kuwa jambo lenyewe ni la mchezo. Mimi ni mkaguzi wa mizani, mtu mzima, na kila wiki tulikuwa tukikutana wanne kwangu kucheza mchezo wa kuigiza wa mezani, tunarusha kete, kila mmoja ana mhusika wake na karatasi yake, nami ndiye msimulizi, nashika kitabu cha kanuni na kumsemea kila mhusika asiye na mwenyewe. Rafiki yangu tangu shule, fundi wa friji, alicheza askari, na dada yake mshonaji ndiye mganga wetu, matone yake ya uhai tunayahesabu kwa vifungo vyekundu kutoka kopo lake la kushonea. Mwezi wa tatu rafiki yangu alifariki, moyo tu, akiwa kazini, na askari wake tukamwacha kwenye karatasi alivyokuwa, amelala pangoni na majeraha sita. Jumamosi iliyopita dada yake akasema, "Leo namponya kaka," akasukuma kifungo kimoja. Kitabu kinasema mganga hulipa tone moja anapoponya, hakielezi kama ni kwa mgonjwa au kwa kila jeraha, na miaka miwili yote tulilipa moja kwa mgonjwa, lakini sijui shetani gani alinipitia, nikasema ni moja kwa kila jeraha, yaani sita, naye alikuwa na vitano. Akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamsomea kanuni. Akasukuma vyote vitano, nikasema havitoshi, na mganga akiishiwa matone hufa, na mgonjwa aliyeponywa nusu hufa naye, basi wakafa wote wawili. Akachukua mkoba wake akaondoka, simu hapokei, na mwenzetu aliyebaki haniangalii usoni. Mshauri, je, kanuni niliitafsiri vibaya?

Msimulizi

Ndugu msimulizi, pole kwa msiba. Naanza na pole kwa sababu barua nzima hukuugusa msiba wenyewe: umefiwa na rafiki, umekuja kuniuliza habari za kitabu.

Kanuni inasomeka kwa namna zote mbili, na ninyi mlishachagua miaka miwili iliyopita. Wewe mkaguzi ukimkuta muuza duka anabadili jiwe la mizani mteja akiwa amesimama mbele yake, unamfanyaje? Jifanyie hivyo hivyo. Na shetani usimsingizie, ana kazi zake.

Umesema mwenyewe kwamba unamsemea mhusika asiye na mwenyewe. Askari angeamka pale pangoni, nani angemsemea? Wewe, na dada mtu anakusikiliza. Uliogopa, ukajificha nyuma ya kitabu. Hata mimi ningejificha. Lakini yeye hakuijua hofu yako. Amezika mara mbili mwaka huu, na mara ya pili mwenye koleo ulikuwa wewe.

Nenda kwake mchana, wakati yuko kwenye cherehani. Kitabu kiache nyumbani. Usimweleze kwamba kanuni haiko wazi, mwambie, "Niliogopa kumsemea kaka yako." Akikutukana, pokea. Usimwahidi kuwafufua, uamuzi huo si wako tena. Mpelekee karatasi ya kaka yake, ina mwandiko wake, pamoja na vifungo vyote vitano. Huenda asikufungulie. Basi weka karatasi kizingitini, vifungo juu yake isipeperuke, uende zako.