Mbwa Anayekimbia na Futi ya Fundi

Babu mshauri mpendwa,

Shikamoo, na naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana nimebanwa kila upande na sina wa kumwambia, majirani watanicheka, na mama yangu ataniambia mbwa hakai ndani, basi. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, ghorofa ya tatu, cherehani iko dirishani na meza ya kukatia iko katikati ya sebule, na chini ya meza hiyo analala mbwa wa marehemu kaka yangu, anaitwa Meneja kwa sababu kaka alikuwa akisema huyu anakagua mizigo yote na habebi hata mmoja. Kaka alikuwa anasambaza vifurushi kwa mkokoteni, mtaa kwa mtaa, duka kwa duka, na Meneja nyuma yake kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, na alipolazwa aliniambia, "Mdogo wangu, ninachokuomba ni kimoja, Meneja asifungwe mnyororo," nikamwambia haitatokea nikiwa hai, na wiki ileile akatutoka.

Sasa babu, mbwa huyu ananimaliza. Sheria ya jengo letu ni kwamba mbwa anashushwa asubuhi na jioni tu, na mlinzi wa getini hana mchezo, na mimi mwenyewe goti langu la kulia likiona ngazi linalia, kwa hiyo muda wote uliobaki tuko ndani mimi na yeye, na anatulia vizuri kama mgeni wa heshima mpaka kichwa changu kizame kwenye kazi, hapo anakuja taratibu, ananyofoa futi ya kupimia shingoni kwangu na kukimbia nayo. Basi namfukuza kuzunguka meza, yeye huku mimi kule, napiga kelele, narusha kandambili, namkamata, nakaa, nakanyaga pedali, na kabla sijamaliza pindo moja ameshachukua kitu kingine. Nimemfungia bafuni, akakwangua mlango mpaka rangi ikatoka. Nimemchapa na rula ya kukatia, naungama, na kesho yake akaiba rula.

Wiki iliyopita akachukua suruali ya mwalimu mkuu anayestaafu, suruali ya suti ya siku yake ya kuagwa, nikashika mguu mmoja na yeye mguu mwingine, tukavutana, ikachanika mpaka kiunoni, mguu mmoja ukatoka. Mwalimu alipokuja akaigeuza geuza akaniuliza, "Fundi, mbona ina mguu mmoja?" nami nikamjibu, "Huo mwingine bado nauweka sawa, mwalimu," na mume wangu alikuwa jikoni akasikia uongo wangu wote. Akaniambia, "Mke wangu, simchukii huyu mbwa, lakini sebule hii ina nafasi ya cherehani au ya Meneja, siyo ya wote wawili." Ana rafiki yake mwenye ghala la mbao ambaye atamchukua mwisho wa mwezi, na kule mbwa wanafungwa mnyororo mchana kutwa.

Kinachonichanganya ni Jumapili, maana siku hiyo sishoni, nakaa sakafuni kuchambua vipande vya vitambaa vilivyobaki, rangi kwa rangi, na Meneja anakaa pembeni yangu ananusa kimoja kimoja na haibi hata uzi. Babu, ina maana ana kinyongo na cherehani yangu? Nivunje ahadi ya marehemu au nivunje amani ya nyumba yangu?

Fundi wa ghorofa ya tatu

*

Marahaba, fundi. Pole kwa kaka yako, na pole kwa goti. Kwa suruali sikupi pole, maana uliichana wewe, mbwa alikusaidia kushika.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilicheka nikapoteza mstari. Unaniuliza kama Meneja ana kinyongo na kazi yako. Kinyongo kitoke wapi! Hebu jitazame kwa macho yake. Kuna mtu mzima amekaa kutwa nzima, hasemi, hageuki, anaongea na cherehani. Mbwa akigusa futi tu, yule mtu anaruka juu, anapiga kelele, anarusha viatu, anazunguka meza kama ameahidiwa zawadi. Wapi tena atapata mchezo mtamu kama huo, na bila kushuka ngazi? Wewe unadhani unamfukuza, binti yangu. Yeye ndiye anayekuchezesha. Hata hiyo rula uliyomchapa nayo ameiona ni kifaa kipya cha mchezo, ndiyo maana akaja kuichukua. Na rula ni ya kupimia kitambaa. Usirudie.

Mimi nimekaa na mbwa wa ulinzi wa kiwanda miaka mingi kuliko niliyokaa darasani, na hilo si jambo la kujisifu, maana darasani sikukaa. Mmoja wao alikuwa akiniibia kofia kila asubuhi. Nilimkimbiza miezi. Siku moja mgongo ukakataa, nikakaa juu ya ndoo nikatazama pembeni. Yule mbwa alisimama na kofia mdomoni, akanitazama kama mtu aliyefika harusini akakuta imeahirishwa. Akasubiri, akasubiri, mwisho akaja kuiweka miguuni pangu. Nikampa kipande cha mkate. Tangu siku ile kofia ikakaa kichwani.

Jibu lako lipo kwenye Jumapili, na umeliandika mwenyewe kwa mkono wako ukalipita. Mbwa huyu alikuwa na kazi. Alitembea mitaa yote akinusa kila mlango, halafu ghafla akaletwa ghorofani akaambiwa alale. Amestaafishwa bila hata kuagwa, tena huyo mwalimu wako angalau ameshonewa suti! Jumapili unamruhusu anuse, anafanya kazi, pua inachoka, na pua ya mbwa ikichoka mwili wote unalala. Siku nyingine unampa meza atazame miguu yake.

Sasa sikiliza, na usiniambie huna nafasi. Bakuli lake lipumzike. Chakula chake cha asubuhi kigawe mafungu, moja ulifunge ndani ya kitambaa kigumu ulichokiviringisha, jingine ulitupe ndani ya boksi lililojaa vipande vyako vilivyobaki, jingine ulitie kwenye chupa ya plastiki uliyoitoboa matundu, uondoe kifuniko, umwachie aisukume sakafuni mpaka punje zidondoke moja moja. Itapiga kelele, ndiyo. Cherehani yako nayo inanong'ona? Na kuna siku umwache nje ya mlango wa chumba, ufiche chakula nyuma ya mguu wa kiti, chini ya zulia, kwenye kiatu cha mume wako ukipenda, kisha umfungulie umwambie, "Tafuta." Mara ya kwanza muoneshe. Robo saa ya kutafuta inamchosha kuliko kukimbia ngazi zako zote.

Suka kamba nene kwa mabaki ya kitambaa, mvutane kabla hujakaa kushona, siyo baada ya kuibiwa. Mfundishe neno "achia": akiachia anapata kitu kitamu, na kamba inarudi mchezoni. Akishalijua vizuri, mpe ajira. Kitambaa kikianguka aokote alete kapuni. Mbwa aliyefuata mkokoteni maisha yake yote hashindwi kujifunza kapu. Ukikaa, mpe kitu cha kutafuna chini ya meza, na kila ukimaliza kipande cha kazi, inuka, goti lako linahitaji hivyo pia, mchezeshe dakika chache, rudi.

Na akiiba futi? Kaa. Usiruke, usiapize, usimtazame. Chukua kipande kitamu, mbadilishane kwa amani kama wafanyabiashara. Wiki ya kwanza ataiba zaidi, atadhani umeharibika. Vumilia.

Hapa sasa sitanii. Pini, sindano na uzi viingie kwenye kopo lenye kifuniko leo hii, kabla hujamaliza kunisoma. Uzi mrefu ukimezwa unakata utumbo wa mbwa. Hivyo vipande vya boksini viwe vikubwa, viondolewe nyuzi zinazoning'inia, na uwepo anapochezea. Ukimwona anatapika au amekataa kula, usimsubiri apone kwa bahati, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na kule bafuni asifungiwe tena, hajakosa adabu, amekosa shughuli.

Mwalimu mkuu mwambie kweli kwamba suruali ilichanika, umshonee nyingine kwa kitambaa chako. Amefundisha watoto maisha yake yote, ameshasikia uongo mzuri kuliko huo wako.

Tunabaki na mume wako. Usimlilie, usimtajie marehemu kila jioni, na usibishane naye habari ya ghala. Mwombe jambo moja dogo: kila asubuhi kabla hajatoka, yeye ndiye afiche fungu moja la chakula cha Meneja mahali anapopajua peke yake. Mwambie goti lako haliwezi kuinama huko chini, na hilo si uongo. Siku ya kwanza atakificha chini ya kochi ilimradi. Siku ya pili ataanza kufikiri. Siku ya tatu, akirudi kazini, kabla hajavua viatu wala kukusalimia, atauliza, "Alikipata?"

Akishauliza hivyo, mpigie yule mwenye ghala umwambie atafute mbwa mwingine.