Kahawa ya Mama na Moyo wa Sungura

Dar es Salaam,
Jumamosi, baada ya mvua

Kwako Tata, baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti huku nilipo, ingawa sakafu ya bweni ni ya saruji na hakuna anayeniona. Natumaini wewe na Mama hamjambo, kifua cha Bibi kimetulia, na kibanja chetu cha migomba kimepata mvua ya kutosha. Mimi ni mzima. Tunakula wali na maharage kila siku, hata nimeanza kuota ebitoke, ndizi zetu za kupika. Juzi niliota Mama anafunua chungu, nikaamka kabla sijaonja, nikakasirika siku nzima.

Salamu nimezimaliza, sasa kaa vizuri. Najua barua ya chuo imekufikia kabla ya yangu, na najua ilivyoandikwa: kwamba binti yako ni mkaidi, amekataa somo, na ameingiza dawa za kienyeji darasani akawalisha wenzake. Wewe katekista wa kijiji kizima cha Kaagya unasoma hayo! Nauona uso wako. Lakini barua hiyo imesema nusu, na hiyo nusu yenyewe imepinda. Sikiliza na ya kwangu.

Nyuma ya maabara yetu kuna banda la sungura. Kila mwaka wanafunzi wa uganga msaidizi wa hospitali wakifika kwenye somo la moyo, sungura mmoja huwekwa mezani. Bwana Mkufunzi alitueleza kwamba atamdunga dawa itokayo kwenye kahawa, tumpime mapigo, amwongezee, tumpime tena, amwongezee hadi moyo usimame, kisha tumpasue. Mimi kitabu nilikuwa nimekwisha kukisoma. Majibu yote yamo, mpaka mchoro wa mstari unavyopanda na kushuka. Nikanyoosha mkono.

"Bwana Mkufunzi, akishakufa tutajua nini ambacho hatukijui sasa?"

"Mtakuwa mmeona kwa macho yenu."

"Kama ni kuona, kwa nini tusijipime wenyewe? Kahawa si tunakunywa?"

"Wewe Mhaya, acha maneno. Mshike miguu."

Sikumshika.

Usidhani mji umenilainisha, Tata. Kuku wa Krismasi nimewachinja na kuwanyonyoa mwenyewe, na samaki wa Baba Mdogo kutoka kisiwani Bumbire nimewapasua wakiwa bado wanarusharusha mikia. Sikatai kuchinja. Mnyama akiuawa watu wale, nanyamaza. Akiuawa kwa kutafuta dawa ya ugonjwa ambao hakuna njia nyingine ya kuujua, nanyamaza pia, ila naomba hiyo njia nyingine itafutwe kwa bidii. Lakini kumuua ili tuhakikishe kwamba kitabu hakikudanganya! Kitabu hicho wamekwisha kukihakikisha sungura wa dunia nzima.

Mfukoni nilikuwa na emwani za Mama, punje zetu za kahawa za kutafuna, zile alizochemsha na majani yake, akazikausha, akanifungia kwenye ganda la mgomba siku nilipopanda meli. Hapo nikafanya kosa ambalo Mhaya peke yake ndiye anayeweza kulifanya. Kwetu ukitaka kubishana na mkubwa, humrushii maneno. Unamkaribisha kahawa kwanza, mnatafuna, ndipo mnasema. Nilidhani heshima ya Kaagya ni heshima mpaka pwani. Nikapiga magoti mbele ya darasa, nikatafuna punje moja aone haina kitu, nyingine nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Bwana Mkufunzi kwao ni kusini, hajapata kuona jambo hilo. Yeye alichoona ni mwanafunzi aliyekataa amri, sasa kapiga magoti, anatafuna kitu cheusi na kumpa naye atafune. Alirudi nyuma mpaka akagonga kabati la chupa.

"Uchawi huo!" akasema, akatoka kwenda kumwita Mkuu wa Chuo.

Nilicheka, Tata. Nusu ya kesi yangu inatokana na kicheko hicho.

Mkuu alikuwa na wageni, kwa hiyo Mkufunzi alikawia, nasi tukafanya somo. Aliyeanza ni Rehema, rafiki yangu wa Tanga. Alisema, "Lete hiyo kahawa yenu, tusikae bure." Akafuata Masanja, Msukuma mmoja mkubwa aliyelelewa kwa maziwa, kahawa hajapata kuigusa. Alitafuna akakunja uso wote.

"Hii ndiyo mnampa mgeni?" akaniuliza. "Na mgeni anarudi tena?"

Tulikuwa tumepimana mapigo mkononi kabla ya kutafuna, tukapimana tena baadaye. Ya Masanja yalipanda. Ya Rehema yalipanda kidogo. Yangu yalikaa palepale, maana mimi emwani nimezijua tangu nikiwa mgongoni kwa Bibi. Basi ubishi ukaanza! Je, moyo uliozoea haushtuki? Rehema akasema labda kilichompandisha Masanja ni hofu ya Mkufunzi, si kahawa. Masanja akasema yeye haogopi mtu. Tukakubaliana kurudia siku ya utulivu, wengine wapewe kahawa, wengine kitu kingine kinachofanana nayo, na asiambiwe mtu alichopewa. Tangu nije chuoni sijapata kuona wenzangu wakifikiri kwa bidii namna ile. Sungura alikuwa bado mezani, ananusa pembe ya daftari langu.

Mkuu alipoingia alikuta darasa zima linatafuna.

Si mtu mbaya, Mkuu wetu. Ofisini kwake alinisikiliza hadi mwisho.

"Taifa la wakulima na wafanyakazi linakusomesha, Paskazia," akasema. "Nawe unachagua kazi?"

"Sichagui kazi, Mzee. Ng'ombe wanachinjwa hapa mjini kila asubuhi, na mioyo yao inauzwa. Nitume mimi alfajiri nikaulete moyo mmoja, tuupasue, tuone vyumba vyake vyote. Mapigo tujipime wenyewe. Kila siku tunafundishwa kujitegemea, basi tujitegemee kwa hilo nalo."

Alikaribia kucheka, akajizuia. Akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna aliyewahi kuponywa na dawa za hospitali. Nikamwambia yupo, mdogo wangu Deo alipona homa ya mapafu kwa sindano.

"Na sindano hiyo, kabla ya kufika kwa Deo, ilijaribiwa kwa nani?"

Swali lilikuwa la haki.

"Kwa wanyama," nikasema. "Nami nawashukuru. Ndiyo sababu sitaki kuwaua bure."

Akaamua kwamba uandikiwe barua kwanza, na majuma matatu baadaye, Jumatatu hii inayokuja, mbele ya chuo kizima, niombe radhi kwa kukataa amri na kwa uchawi, au nifunge sanduku nirudi Bukoba. Nilitoka pale nimekwisha kujua nitakalosema, na moyo ulikuwa mweupe.

Kisha jana, Tata, likaja lile linalonifanya nikandamize kalamu mpaka inatoboa karatasi. Niliitwa tena ofisini, nikamkuta Baba Mkubwa wa wizarani amekaa kitini na suti yake. Kumbe ulimpelekea telegramu. Alikuwa amekwisha kuniombea radhi! Alisema kwa niaba yako kwamba mimi ni mtoto wa shamba, ushamba utanitoka, sitarudia. Mkuu alikuwa amekubali. Mimi nilitakiwa kunyamaza tu. Jumatatu hakuna mkutano, hakuna maneno, somo linarudiwa, namshika sungura miguu, yanaisha.

Sitakuficha, nilishawishika. Nafasi yangu ya masomo ilikuwa mezani pale, ya kuichukua kimyakimya. Nikampigia Baba Mkubwa magoti.

"Kasinge waitu, asante kwa kuja," nikamwambia. "Lakini maneno uliyoyasema si yangu, na Tata hakuniuliza. Naomba uyarudishe."

Alinijibu kwa Kihaya ili Mkuu asielewe.

"Anasemaje?" Mkuu akauliza.

"Anasema nimerukwa na akili," nikamtafsiria.

Baba Mkubwa alichukua kofia yake akaondoka bila kuniaga. Atakuandikia kwamba nimemwaibisha, na ni kweli nimemwaibisha. Mkuu akaniambia, "Basi Jumatatu utasema mwenyewe."

Nimekukasirikia, Tata. Nakuambia wazi, na kwa heshima yote. Uliogopa watu wa Kaagya watasema nini, ukaenda kuniuza kwa bei ya ushamba. Umesahau? Enzi za Mwingereza, bwana shamba alikuja na askari wake akakuamuru ung'oe migomba ya upande wa chini. Mimi nilikuwa nimeshika upindo wa kanzu yako. Akakuambia utafungwa. Ukamjibu, "Nifunge, lakini migomba hii haijanikosea kitu." Hakuna aliyekwenda kukuombea radhi siku ile, na kama angekwenda ungemfukuza kwa fimbo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ulitaka uzae nini, mjusi?

Kwa hiyo Jumatatu nitasema hivi. Kwa kutafuna ndani ya maabara, naomba radhi, maana kanuni inakataza na ni kanuni nzuri. Kwa kumcheka Mkufunzi, naomba radhi. Kwa uchawi siombi, kwa sababu haukuwapo. Na miguu ya sungura siishiki, wala leo wala mwakani, maadamu tuna mikono yetu ya kupima na nyama ya machinjioni ya kupasua. Rehema na Masanja wamesema nao hawataishika. Wengine wanaogopa, nami siwalaumu, kila mtu ana kwao.

Nisalimie Mama, mwambie asilie, mimi mwenyewe silii. Bibi mwambie namwombea. Deo, mdogo wangu, asome kwa bidii na asigombane na mwalimu, hiyo kazi aniachie mimi. Baba Mdogo akija kutoka Bumbire mpe salamu zangu na za Masanja, anayetaka kujua samaki wetu na wa Mwanza wapi watamu zaidi. Shangazi wa Muleba ameniandikia kwamba nikifukuzwa nipande basi la Biharamulo, nishukie kwake, nijifiche hadi maneno yapoe. Mwambie namshukuru kwa kitanda, lakini sitakilalia.

Nikifukuzwa nitakuja na meli. Nitashuka Bukoba mchana, watu wakiwa wengi, nitapita njia kuu na sanduku langu kichwani, na atakayeniuliza nimerudi kwa nini nitasimama nimweleze. Ukiona vigumu kuja kunipokea, baki nyumbani, nitafahamu. Kitu kimoja tu nakuomba: usinitangulie tena kuomba radhi.

Jumatatu Mkuu ataniita mbele kwa jina langu tu. Mimi nitaongeza na la kwako, kwa sauti, mpaka wa mwisho kabisa nyuma alisikie.

Ni mimi uliyenizaa,

Paskazia Kokugonza, binti Rwegasira