Steal, Take na Baiskeli ya Marehemu

Jumatatu, 8 Julai 1968
Mafaili matano leo. Chai imepoa mezani kama kawaida. Hakimu wetu mgeni, Kiswahili chake ni cha salamu tu, kwa hiyo mimi karani kila maelezo lazima niyatafsiri kwa Kiingereza. La mwisho ni la Mzee Maganga wa Dunda. Salum anamshitaki kwa kuiba baiskeli ya marehemu baba yake siku ya matanga. Nimemaliza kabla ya adhuhuri. Nimejiona hodari.

Jumanne, 9 Julai
Nimekutana na Maganga sokoni, yuko nje kwa dhamana. Nikamwamkia.
"Marahaba, Mzaramo. Salum kakulia Dar, utani haujui. Kaniletea askari badala ya kuku."
Hapo nikakumbuka. Yeye Mnyamwezi, marehemu Mzaramo, watani wa jadi. Mtani akichukua kitu msibani, wafiwa hukikomboa kwa kuku na matusi ya kucheka. Mimi Mzaramo mtupu. Nilijua toka utotoni, haraka ikanisahaulisha.
Nimerudi ofisini, nimefungua nakala ya maelezo yake. Maganga alisema, "Nilichukua." Mimi nimemwandikia *I stole*. Yaani nimekiri kosa kwa niaba yake. Kesi Ijumaa. Atafungwa.

Jumatano, 10 Julai
Kamusi mapajani tangu asubuhi. *Steal* ni kuchukua kwa kificho. Yeye aliipanda mchana, anaimba, matanga mazima yanamcheka. *Rob* inataka nguvu. Nguvu gani, mzee wa miaka sabini? *Borrow*, mtu huomba kwanza. Mtani haombi. *Seize* ni ya askari. *Take* iko karibu, lakini haibebi mzaha wala msiba. Mjane wa marehemu angeeleza vizuri kuliko kamusi, ila yuko eda, hatoki.
Naogopa. Nikisema nilikosea, hakimu atauliza mangapi mengine nimeharibu.

Alhamisi, 11 Julai
Nimeingia kwa hakimu. Nimesema. Nimeandika upya *took*, na chini yake mistari sita ya kueleza utani. Akasoma mara mbili bila kuniangalia. Akauliza kama kwetu mtu aweza kuchukua mali ya mfiwa akawa hana kosa. Nikamjibu ndiyo, akiwa mtani; asipochukua ndiyo aibu.
Amenikaripia sana. Mafaili yangu yote ya mwezi huu yatapitiwa na mtu mwingine. Nimestahili.

Ijumaa, 12 Julai
Kesi haikusikilizwa. Mjane alipata habari, akamtuma dada yake na jogoo kwa Maganga. Baiskeli bado iko polisi, lakini imekombolewa. Salum amefuta mashitaka, kanuna mpaka anapanda basi.
Baada ya swala Maganga amepita ofisini. Hakunishukuru. Amechukua kamusi yangu mezani, akaitia kwapani, akatoka polepole akiimba. Makarani wenzangu wamemtazama tu.
Kesho nitatafuta kuku.