Kilti Mbili za Farquhar

Jumatatu, 3 Julai
Mvua. Nimechoka. Nimeitoa kabatini kilti ya Farquhar, sketi yake ya Kiskoti, nisogeze mikanda ya kiunoni. Niliisogeza Pasaka, nikaisogeza tena Mei. Sasa hakuna pa kusogeza — mume wangu amekonda mpaka marinda ya nyuma yanakuja mbele! Daktari kasema mwezi ujao anaweza kuandamana na bendi yake ya zumari, akijisikia. Farquhar kasikia "anaweza" tu, basi.

Alhamisi, 6 Julai
Kilti ile ni sufu nzito, wakia kumi na sita kwa yadi, yadi nane nzima. Nilimshonea kabla hatujaoana — ndivyo tulivyojuana! Leo kaivaa jikoni, kasimama na zumari lake. Mara kashika meza. Eti sakafu imelowa. Sakafu kavu kabisa.
Nitamshonea nyingine. Wakia kumi, yadi tano. Miraba ile ile, rangi zile zile.

Jumapili, 16 Julai
Vidole vinauma. Kitambaa chepesi ni balaa, rinda ukilipiga pasi leo, kesho limelala. Miaka yote nawaambia wateja: chepesi kivae kwenye dansi ya harusi, si barabarani. Upepo ukivuma, mji mzima wa Dingwall utaona ulichozaliwa nacho. Na leo ni mimi huyu huyu nakishona.

Jumanne, 25 Julai
Nimemwonyesha. Kaipima mkononi, hata hakuivaa.
"Leso hii, bibie. Nipengee kamasi?"
Innes, kiongozi wa bendi, alikuwa anakunywa chai. Kacheka mpaka kaimwaga. Farquhar akazidi: kilti nzito inayumba, inarudi, mguu unajua lini uende. Hii itapeperuka tu kivyake.
Nikawaka. Nikamwambia atakuja kufia barabarani kwa ujeuri wake. Innes akaaga.
Lakini nilifurahi kidogo. Mgonjwa wa kukata tamaa hana ujeuri ule.

Ijumaa, 4 Agosti
Nimezipiga pasi zote mbili, nimezitundika chumba cha kushonea. Hatujazizungumzia. Supu kaionja tu.

Jumamosi, 5 Agosti
Upepo mkali. Innes yuko nje na gari, gwaride la bendi ni leo. Farquhar kakaa kitandani, soksi nimemvika mimi. Nikampelekea ile nzito — nimeshindwa, nimetoboa matundu mapya kwenye mikanda, avae, aanguke nayo akitaka! Kaiweka magotini. Kayapapasa marinda, moja moja.
"Lete ile nyepesi," kasema.
Mwezi mzima naomba aseme hivyo. Kasema, na moyo umenipasuka. Nikamwambia upepo utamwaibisha. Nikamwambia hata hiyo si nzito kiasi hicho. Mimi! Nambembeleza!
"Lete tu, Ishbel."
Nimekuja kuichukua. Naandika nimesimama, kilti iko begani, wala siisikii. Innes anapiga honi. Farquhar anauliza kwa sauti mbona nachelewa. Nimemjibu natafuta pini.