Aliyenaswa Pamoja na Kwelea

Jumanne, usiku

Nimempiga Mutua, ndugu wa mume wangu, kwa fimbo, na sijutii. Sijutii sana.

Tangu asubuhi tulikuwa shambani tukinyonga kwelea walionaswa kwenye wavu. Wametumalizia mtama, hao washenzi. Unashika, unapinda shingo, unatupa. Nimeosha mikono kwa sabuni na bado inanuka.

Halafu nikamwona mkononi mwa Mutua yule ndege mweusi na mweupe, anayetikisa mkia uani kwangu na kuimba juu ya mabati kila alfajiri. Yeye hagusi mtama, anakula wadudu tu. Nikapiga kelele, "Huyo mwachilie!" Akampinda shingo huku akiniangalia.

"Ndege ni ndege, shemeji."

Hapo ndipo nilimchapa mpaka sikio likatoka damu. Hakunirudishia. Aliniuliza tu, "Na wewe umenyonga wangapi leo?"

Nikarudi kwenye wavu.

Jioni mwenzi wa yule ndege alikuja peke yake. Alipanda juu ya rundo la kwelea waliokufa, akatembea huku na huku akitikisa mkia, akidaka nzi. Aliposhiba, akaimba.