Mzigo Usio na Stempu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepanga chupa za mvinyo kwenye rafu na kukagua stempu za kodi kwa simu, chupa moja moja. Zote zinasoma. Mvua imenyesha tena. Karatu nzima ni tope jekundu na kila anayeingia dukani analeta la kwake.

Kabla ya chai wakala wangu wa forodha kapiga simu kutoka Namanga. Mzigo umezuiwa. Juisi niliyoisajili ni ya boksi la lita. Kiwandani wametuma vichupa. Kibali kinasema boksi, lori limebeba vichupa, na mkaguzi kagoma. Sampuli ziende maabara kwanza, vichupa visajiliwe, ndipo tuongee. Ana haki. Ndicho kinachoniuma, kwamba ana haki na siwezi hata kumtukana. Na mvinyo upo lori hilo hilo, kwa hiyo nao umekaa.

Hoteli ya ukingoni mwa kreta wanataka vinywaji kabla ya wikiendi. Wasipopata kwangu watamwendea yule jamaa wa mtaa wa nyuma, ambaye chupa zake hazijawahi kuiona stempu hata kwa mbali.

Elisante, mdogo wangu wa tumbo moja, kaniambia huku anacheka: "Dada, kule Ololosokwan watu wanavusha kutoka Kenya kila siku. Vibali vya nini?" Nilikuwa na stepla mkononi. Nimemrushia. Imempata sikioni, damu imetoka. Sijamwomba radhi. Leseni hii nimeihangaikia tangu mwanangu Doreen yuko mgongoni. Wamekagua stoo, wamekagua choo, kila bidhaa imepimwa na kusajiliwa, kila mzigo kibali chake. Ikifutwa sina kingine. Nikauze nini, nyanya?

Jumatano, 5 Machi

Elisante kaondoka na gari langu. Anapeleka mchele na sukari Wasso. Dereva wangu Saning'o ndiye anaendesha. Sina wasiwasi Saning'o akiwepo. Yule Mmasai wa Endulen hawashi gari mpaka ashike ankara na vibali mkononi, hata kama mzigo ni chumvi. Nilimfundisha mimi na sasa ananizidi.

Namanga hakuna jipya. Nimemfokea wakala mpaka koo limekauka.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu.

Nimeitwa lango la hifadhi. Gari langu limesimamishwa pale likitokea Loliondo. Ndani, chini ya magunia matupu ya mchele, pombe kali. Katoni mpaka juu. Hakuna stempu, hakuna kibali, hakuna chochote. Elisante peke yake kwenye usukani. Kawaambia maafisa: "Mzigo ni wa dada yangu. Mimi nimetumwa tu. Leseni yake hii hapa." Kawapa nakala ya leseni yangu! Ile iliyokuwa kwenye dashibodi kwa ajili ya trafiki. Wakaandika maelezo yake, wakamwacha aende kama mtu aliyetumwa. Kazima simu.

Mchana maafisa wa forodha wamekuja kufunga stoo. Lakiri mlangoni. Leseni imesimamishwa mpaka nithibitishe mzigo si wangu. Afisa, kijana mpole, kaniuliza: "Mama, una shahidi?" Nikasema dereva wangu. "Yuko wapi?" Sikujua. Na jirani zangu wote wapo nje wanatazama.

Ningemkuta Elisante leo ningemuua. Naandika hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempata Saning'o. Hospitali, Endulen.

Sikumtambua. Taya limevunjika, limefungwa kwa bandeji kutoka kidevuni mpaka utosini. Jicho moja limefunikwa na nyama iliyovimba. Meno ya mbele hayapo. Nimetoka nikakaa kwenye benchi la nje.

Muuguzi kanisimulia alivyosikia kwa walioshuhudia na alivyoandikiwa na Saning'o mwenyewe. Mzigo walipakia Elisante na vijana wa Ololosokwan wakati Saning'o amelala. Karibu na njia panda ya Endulen gari lilizama kwenye tope. Saning'o akashusha magunia ayatandike chini ya magurudumu, akaona katoni za chupa. Akageuza moja, akatafuta stempu. Akatafuta nyingine. Akasema gari haliendi popote mpaka ampigie Mama Doreen. Elisante akachukua spana ya magurudumu akampiga usoni. Akaanguka. Akampiga tena akiwa chini, mara kwa mara, wachungaji wakiwa juu ya kilima wanapiga kelele wakikimbia kuja. Kabla hawajafika, akawaomba watu wengine waliokuwa wanapita wamsukume, akaondoka.

Na kabla ya kumpiga alimwambia: "Dada ndiye katuma."

Kwa hiyo Saning'o anaamini ni mimi. Kanitazama kwa lile jicho moja, akageukia ukutani. Mama yake alikuwa pembeni ya kitanda. Alisema maneno kwa Kimasai na muuguzi hakutaka kuyatafsiri. Nikamlazimisha. "Anasema, ulimtuma mwanawe, halafu ukatuma mtu ampige kwa kuwa alikataa."

Nililia kwa hasira njia nzima ya kurudi. Hakuna mwingine wa kuniokoa zaidi ya mtu huyu, na hata kunitazama hataki.

Jumapili, 9 Machi

Elisante kaja. Mchana kweupe baada ya ibada, kamtanguliza baba mdogo mbele. Baba mdogo kashika jani la isale.

Nilishajua kabla hajafungua mdomo. Kwetu Uchagani ukiletewa isale husemi hapana. Hata kama kamuua mwanao. Ukikataa, laana ni yako na ya watoto wako. Elisante anajua hilo vizuri sana, ndiyo maana hakuja na polisi wala mchungaji.

Nimemzaba kibao kwanza. Kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka baba mdogo akaliinua lile jani katikati yetu. Nikasimama. Nimelipokea. Nimesema nimesamehe. Mdomo umesamehe. Mkono bado unawasha.

Halafu sikia! Baada ya kusamehewa akaomba nikubali mzigo ni wangu. "Wewe una leseni, Dada. Watakutoza faini watakuachia. Mimi wataniweka ndani." Baba mdogo akainamisha kichwa. Kumbe walishayazungumza njiani. Nimewafukuza wote wawili. Baba mdogo kaondoka. Elisante kang'ang'ania, hana pa kulala. Yupo chumba cha Doreen, ambaye yuko shule ya bweni. Namsikia anakoroma. Anakoroma!

Jumatatu, 10 Machi

Rika la Saning'o, morani waliotahiriwa naye, wamekuja Karatu.

Sikuwahesabu. Wamejaa mbele ya duka, shuka nyekundu, fimbo na rungu. Ukigusa mmoja wao umegusa rika zima, hilo hata mtoto wa Karatu anajua. Wamevunja vioo. Wamevunja kibao chenye jina langu. Walitaka kuvunja na mlango, wakaona ile lakiri ya serikali wakaiacha. Nimetoka na panga. Sijui ningefanya nalo nini. Mmoja, mrefu, anaongea Kiswahili safi cha shule, kaniambia: "Mama, hatuna shida na panga lako. Tunamtaka ndugu yako. Leo au kesho, ni yule yule." Nikasema hayupo.

Nimerudi nyumbani nikamkuta kajifungia bafuni, kajikojolea. Ananiita Dada, Dada, kama tulipokuwa wadogo. Nilimhurumia kidogo. Halafu nikakumbuka lile taya.

Akauliza afanye nini. Nikamwambia: nenda Endulen wewe mwenyewe. Nenda na isale. Umpe mama yake Saning'o mkononi.

Akaniuliza wale wanaijua isale? Nikasema nani asiyeijua. Akafurahi.

Sasa niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Wamasai hawaijui isale. Wao amani yao ni majani mabichi ya kawaida, nyasi tu, unang'oa chini unayashika mkononi. Nimeiona kwa macho yangu. Mwaka juzi kwenye barabara hiyo hiyo ya Endulen tulikuta morani wawili wanapigana, mmoja kashapasuka kichwa. Saning'o alishuka garini, akang'oa nyasi, akaenda akasimama kati yao kazinyoosha. Fimbo zikashuka. Nilimuuliza, akanieleza vizuri, hatua kwa hatua. Isale kwao ni chakula cha mbuzi.

Nimeikata mwenyewe kwenye ua wangu. Nimechagua ndefu, nzuri. Nikampa.

Jumanne, 11 Machi

Kaondoka na pikapu ya watu wa Endulen. Kavaa shati la kanisani. Sikumzuia. Nimefua nguo. Nimefua hata zilizokuwa safi.

Jumatano, 12 Machi

Muuguzi kapiga simu. Naandika alivyosema, kama alivyosimuliwa na watu wa boma.

Saning'o alikuwa ameruhusiwa, yupo bomani kwao. Elisante kafika na kumpa mama jani kwa mikono miwili. Mama kalipokea. Mgeni akikupa kitu unapokea, ndivyo alivyolelewa yule mama, hakujua hata ni la nini. Elisante akaona jani limepokelewa, akajua yameisha. Pumbavu yule. Akavuta kigoda akakaa! Akaomba chai. Akaanza kuwatania watoto. Mama kalitupa lile jani, mbuzi wakaligombania.

Rika wakaingia wakamkuta anacheka.

Walimvunja mkono kwanza, ule wa kulia. Halafu mguu. Halafu mbavu. Walimpiga kimya kimya, muuguzi anasema, hakuna aliyetukana, kama watu wanaotwanga. Yeye ndiye aliyepiga kelele. Alipiga kelele akiita jina langu. Na walipofika kichwani akapayuka: "Dada hajui! Dada hajui kitu! Mzigo ni wangu, niliuleta mimi!" Akarudia mpaka sauti ikakatika.

Saning'o akatoka ndani na bandeji zake. Akainama, akang'oa nyasi. Akasimama juu ya Elisante kazishika mbele yake. Hawezi kusema, hakusema. Wenzake wakashusha fimbo. Mmoja alilia kwa hasira.

Nimekaa jikoni. Uji umeungua na sikuuona. Nilitaka apigwe, nakiri. Nilitaka sana. Sikutaka amwokoe yule aliyempiga. Sikumwomba mtu awe mwema kiasi hicho.

Jumatatu, 17 Machi

Saning'o kaja mwenyewe ofisini kwa wale maafisa, na mama yake, na yule mrefu wa rika. Kaandika kwa mkono wake: mzigo ni wa Elisante, Mama Doreen hakujua, wote wawili tulidanganywa. Rika wakatoa ushuhuda wa waliyoyasikia. Afisa kasoma, kapiga muhuri. Lakiri imekatwa mbele yangu. Leseni imerudi. Nikainua mikono juu nikashindwa kuomba.

Nje nikamfuata. Nilitaka kumwambia kazi yake ipo, matibabu juu yangu, kila kitu. Akaniinulia kiganja ninyamaze. Maneno yanatoka kwenye meno yaliyofungwa, inabidi usogee kusikia.

"Mama Doreen. Lile jani ulimpa wewe?"

"Mimi."

"Na nilishakuonyesha sisi tunatumia nini."

"Ulinionyesha."

Hakukasirika. Ningependa akasirike, anipige hata na fimbo pale pale mbele ya watu. Alinitazama kama anavyotazama chupa akitafuta stempu. Kisha akamshika mama yake mkono, wakavuka barabara kuelekea kwenye magari ya Endulen. Nimemwita mara mbili.

Alhamisi, 27 Machi

Vichupa vimepata usajili. Lori limetoka Namanga jana, mzigo umeingia stoo bila doa. Hoteli ya ukingoni wamechukua karibu wote. Meneja kaniambia yule wa mtaa wa nyuma walishamkataa, hana karatasi. Kanisifu mbele ya watu wake: "Mama Doreen hana njia za mkato." Nikasema asante.

Dereva mpya ni kijana wa Mbulu. Anauliza vibali ni vya nini. Nimemfundisha, nimechoka.

Elisante nimemtoa hospitali, yupo tena chumba cha Doreen. Ana kesi mbili akipona, ya forodha na ya Saning'o. Mkono hautanyooka tena, daktari kasema. Usiku analia, mchana anaongea sana. Jioni hii kaniambia katika ukoo mzima, na marafiki zake wote waliomkimbia, mtu pekee aliyemtakia mema ni mimi. Kasema ningekuwa na roho mbaya ningemwachia wale morani siku ile walipokuja dukani, badala yake nikamtafutia njia. Akaomba nimsamehe kwa yote.

Nimepuliza uji ukapoa. Nimemlisha kijiko kwa kijiko, nikamfuta kidevu. Kala wote.